Nyuki Walipopewa Notisi

Sanduku la barua la nyumba ile lilikuwa limejengwa ndani ya ukuta wa mbele, matofali mekundu kama ukuta wenyewe. Upande wa barabarani lilikuwa na mdomo wa shaba, na upande wa ndani kimlango cha bati. Kila Ijumaa kabla ya kuoga, mwenye nyumba aliusugua ule mdomo kwa limau na majivu mpaka ukaweza kujitazama humo na kufunga ushungi. Kisha aling'oa majani chini yake, akakata matawi ya ua wa miba yaliyojitokeza, akafagia kipande cha njia mpaka kwenye lami, ambacho kwa haki kilikuwa cha manispaa.

Mimi nilikuwa mpangaji wake wa chumba cha nyuma, na nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba barua zenyewe ni bili za maji na matangazo ya makochi, anazipambia njia kama bibi harusi. Hakucheka. Alisema mwenye nyumba ndiye mwenye njia. Barua ikishindwa kufika, aibu si ya posta.

Alikuwa na sababu zake. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Durban, Mwislamu, wa ukoo ulioletwa na meli kutoka pwani ya huku kwetu zamani sana. Sehemu ile ya Umbilo, enzi za sheria za ubaguzi, mtu kama yeye alipita asubuhi akienda kufua nguo za watu na jioni akirudi kwao, basi. Sheria ilipoanguka, yeye na marehemu mumewe walikusanya walichonacho wakanunua nyumba kwenye barabara hiyohiyo. Kwa hiyo lile sanduku lilikuwa ndilo kibao chake cha mwenye nyumba. Na bintiye alikuwa ameolewa nchi ya baridi, huko ambako, kama alivyoandika, kila asubuhi lazima mtu atoke na koleo kuondoa theluji mbele ya sanduku, la sivyo mpeleka barua anapita zake. Bibi alipenda sana habari hiyo. Alinisomea, akaniambia, "Unaona? Kila mahali iko sheria moja."

Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake mzaa mama, kimekaa kabatini muda mrefu, kina harufu ya dawa ya nondo na vipande vya Kizulu. Lakini tulielewana. Mimi nilimwita Bibi, yeye akaniita mwanangu, na kuhusu kodi tulizozana kila mwezi kama watu wasiojuana.

Nilikuwa nauza vitenge na shanga mezani, mjini, karibu na kituo cha teksi. Kazi ile hufundisha kuhesabu mara mbili: mara ya kwanza mbele ya mteja, mara ya pili akishaondoka, ndipo unajua kama umefanya biashara au sadaka. Nilihesabu kila kitu. Ngazi, robot za barabarani, yaani taa za magari, maaskari kwenye kona. Hasa maaskari. Miaka ile walikuwa wakiwasaka wageni kwa kukusimamisha na kukuuliza kwa Kizulu kiwiko kinaitwaje, na ukijibu sawasawa wanakuambia ukunje mkono wa blauzi waone alama ya chanjo iko upande gani na ina umbo gani. Kizulu cha kiwiko nilijifunza siku ya kwanza. Alama ya chanjo huwezi kujifunza.

Kilichonilinda ni karatasi moja ya serikali yenye picha yangu na muhuri, ya muda, na muda wenyewe ulikuwa unaisha mwishoni mwa mwezi wa nane. Nilikuwa nimekwenda ofisi ya vibali kuomba iongezwe. Ofisa aliandika anwani yangu, akanisomea kwa sauti, nikamsomea tena, akanikazia macho. Akasema nitaandikiwa barua ya siku ya kuhojiwa, itakuja kwa posta. Atakayeitwa asifike, faili lake linafungwa. Nikamuuliza, na barua isipofika? Akasema barua zinafika. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana yangu yote: mdomo wa shaba ukutani kwa ajuza mmoja. Tangu siku hiyo sikumcheka tena kwa limau lake. Ijumaa iliyofuata nilimshikia ndoo.

Kisha ukaja ule upepo wa joto unaoshuka kutoka milimani, mwezi wa nane, ambao unaufanya mji mzima unuke vumbi na watu wagombane bila sababu. Ulivuma Jumapili kutwa. Jumatatu asubuhi nilitoka kwenda kazini, nikapita mbele kutazama sanduku kama nilivyokuwa nikifanya kila siku, na kabla sijalifikia nikasikia kitu kinanguruma ndani ya ukuta.

Nilidhani ni umeme. Nikasogea. Mdomo wa shaba haukuwa unang'aa. Ulikuwa na rangi ya kahawia, na rangi ile ilikuwa inatembea.

Ni lazima niseme hapa kwamba mimi siogopi mambo mengi. Nimelala stendi, nimevuka mipaka mitatu na mizigo, nimebishana na wanaume wenye visu kuhusu mahali pa kuweka meza. Lakini nilipokuwa msichana mdogo kwetu Handeni, kundi la nyuki lilimkuta mbuzi wetu amefungwa kamba kwenye kisiki. Kila mtu alikimbia. Mbuzi alizunguka kisiki mpaka kamba ikaisha. Nilimsikia kutoka ndani, mlango umefungwa, na ninachokumbuka si kilio, ni pale kilio kilipokoma na ile ngurumo ikaendelea kama kawaida, haina haraka.

Ndiyo ngurumo ile ile iliyokuwa sandukuni. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ua wa miba, nikabaki hapo na miba mgongoni, nikijaribu kuwahesabu. Nyuki ndio kitu cha kwanza maishani nilichoshindwa kuhesabu hata mara moja.

Mpeleka barua alikuja saa nne na baiskeli yake. Alikuwa Mzulu mtu mzima, mpole, mwenye soksi ndefu zilizokunjwa sawa pande zote mbili. Aliposikia ile sauti alisimama upande wa pili wa barabara na hakuvuka. Bibi alitoka kwa fimbo yake, nami sikuwa nimekwenda kazini, nikamfuata kwa mbali. Mazungumzo yalifanyika kwa kupaza sauti juu ya lami, mkokoteni wa mboga ukipita katikati. Alimwita Bibi "Gogo", yaani nyanya kwa Kizulu, kwa heshima, akaulizia goti lake, kisha akamweleza. Sanduku ni la mwenye nyumba. Posta inapeleka barua kwenye sanduku linalofikika. Lisilofikika, iwe ni mbwa, iwe miti, iwe nini, barua zinabaki posta, na kama hadi Ijumaa mambo bado, zinarudishwa kwa waliozituma.

Bibi akamwambia nyumba yake haijawahi kukosa kufikika tangu siku aliyoinunua.

"Najua, Gogo," alisema. "Lakini leo mimi sivuki."

Nilimuuliza kama kwenye mkoba wake imo barua ya serikali ya jina langu. Alisema za nyumba hii zimefungwa kwa mpira ofisini, hajazitazama, na hata akizitazama hawezi kunipa mkononi barabarani. Nikajaribu kufanya naye biashara. Nilimwambia aziache kwa jirani. Alisema hapana. Nikamwambia nitatundika kopo la rangi kwenye nguzo ya umeme, jipya, lenye mfuniko. Alisema nguzo si nyumba. Nikamwambia basi nitasimama mimi mwenyewe hapa nilipo, mdomo wazi, anitumbukizie. Hapo alicheka kidogo, akasema, "Eish, dada," akapanda baiskeli yake.

Sasa, mtu mwingine yeyote angekwenda dukani kununua dawa ya kuua wadudu, na mimi nilikwenda. Niliishika ile chupa mara mbili, nikairudisha mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu Bibi alikuwa ameshaniambia kuwa nyuki hauawi. Mtume amekataza, na katika nyumba yake hilo halitafanyika, awe nje ya ukuta au ndani ya ukuta. Na mimi ni Mwislamu, nilijua hivyo hivyo, ingawa ningependa asingenikumbusha. Mara ya pili kwa sababu nilifikiria ni mkono wa nani utakaoishika hiyo chupa mbele ya ule mdomo.

Nilirudi nikamkuta amekaa kwenye kiti, hatua chache kutoka kwenye sanduku, amevaa nguo nyeupe ya sala, anazungumza nao. Anazungumza na nyuki. Kwao, alinieleza, nyoka au mdudu akiingia nyumbani huonywa siku tatu. Unampigia hodi kwa adabu, unamwambia nyumba hii ina wenyewe, una siku tatu. Nilikuwa nimesikia hilo kwetu kuhusu nyoka. Kuhusu nyuki sijui kama liko au ni yeye aliyelinyoosha likafika. Lakini aliwapa notisi kama mwenye nyumba yeyote, mpaka Alhamisi alasiri.

"Bibi," nilimwambia, "mimi nikichelewa kodi wiki moja unanigongea na fimbo. Hawa wanapewa siku tatu?"

"Wewe iko mpangaji. Hawa iko wageni." Kisha akaniambia mgeni humtoi tu, lazima umwonyeshe pa kwenda. Atatundika sanduku la mbao nyuma, kwenye mparachichi, alipake mchaichai ndani, maana nyuki hupenda harufu hiyo kama watoto wanavyopenda halua. Akanituma sokoni nimletee fungu moja.

Nikaenda. Mama wa Kihindi niliyenunua kwake alikuwa na mafungu mazuri, na nilimbana bei mpaka akachoka, kisha nikamwomba nyongeza, kwa sababu ununuzi bila nyongeza kwangu ni kama sala bila kuitikia amina. Akanitupia fungu la pili ili niondoke. Moja nikampa Bibi. Lile la nyongeza nikalitundika chumbani kwangu, juu ya dirisha, karibu na tofali la matundu ya kupitisha hewa, likauke, niwe na mchaichai wa chai. Siku ile nilijiona mjanja.

Jumanne sikulala wala sikufanya kazi. Nilikwenda posta. Niliwaza: barua zimefungwa kwa mpira, ziko nyuma ya kaunta, mimi ninayo karatasi na pasipoti, tutaelewana. Dada wa kaunta aliangalia karatasi yangu mbele, akaigeuza, akaangalia tena mbele. Akasema ngoja. Akaichukua pamoja na pasipoti akaingia nazo ndani.

Kuna woga wa aina nyingi, na nimezionja nyingi, lakini ule wa kusimama kwenye kaunta mikono mitupu, kitu pekee kinachosema wewe ni nani kimepelekwa nyuma ya mlango, sijapata kuuzoea. Nilihesabu watu kwenye foleni. Nilipohesabu mara ya pili wa tano alikuwa askari, kofia kwapani. Alikuwa amekuja kununua stempu, sasa ninajua. Wakati ule nilijua kitu kingine. Nilishusha mikono ya blauzi yangu mpaka vidoleni. Askari alinitazama, akatazama saa yake. Mlango haukufunguka. Nilianza kupima umbali wa kutoka mle ndani bila karatasi, na kisha umbali wa maisha bila karatasi, na huo wa pili ulikuwa mrefu zaidi, nikabaki nimesimama.

Dada alirudi akanipa vyote viwili. Alisema barua za nyumba hutolewa kwa mwenye nyumba, na kitambulisho chake, basi. Nilimshukuru kama mtu aliyepewa zawadi. Nje nilikaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya duka la viatu.

Nilipomweleza Bibi alisema goti lake halishuki kilima kile na kupanda tena, na hata lingeshuka, ameshawapa wageni neno lake mpaka Alhamisi. Akienda posta ni kama kukiri kwamba nyumba yake imeshindwa. Nilitaka kumwambia kwamba kitakachoshindwa si nyumba. Nilichofanya, na hapa ndipo ujanja wangu uliponiingiza shimoni, ni kuapa kwamba karatasi ile haitatoka tena mkononi mwangu kwenda nyuma ya mlango wa mtu. Nilitoa nakala, nikawa natembea na nakala. Karatasi yenyewe na pasipoti nilizifunga kwenye mfuko wa plastiki. Chini ya godoro wezi hutafuta kwanza, kwenye kopo la sukari hutafuta pili. Nikazisukuma kwenye ufa ulio juu ya dirisha, kando ya tofali la matundu, nyuma ya fungu la mchaichai. Nilirudi hadi mlangoni nikatazama. Hazionekani. Nikatazama tena. Hazionekani kabisa.

Jumatano nyuki walikuwa palepale. Bibi aliketi nao baada ya alasiri, akawakumbusha. Mimi nilisimama karibu na mlango wa jikoni, mkono kwenye kitasa. Kila walipopandisha sauti nilikuwa nimeshaufungua nusu. Alhamisi asubuhi nilikwenda mezani kwangu mjini kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuupeleka woga wangu. Jirani yangu wa meza, Mkongo anayeuza mikanda, aliniuliza mbona narudishia watu chenji mara mbili. Nilimweleza. Akasema hiyo iko affaire, shauri la mwenye nyumba, mimi nisijisumbue. Nikamwambia nyumba ni yake, lakini faili ni langu.

Nilirudi saa tisa na nusu. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kusini, baridi, na mawingu yameshuka mpaka kwenye paa za Umbilo. Bibi alikuwa amesimama langoni bila fimbo. Aliona nakuja akaniinulia mikono yote miwili.

"Wamekwenda, mwanangu. Kabla hata siku haijaisha. Walinyanyuka kama mkeka."

Sanduku lilikuwa kimya. Shaba ilikuwa shaba. Na mpeleka barua, ambaye alikuwa akipita upande wa pili kila siku kusikiliza, alikuwa amevuka, ameweka lile fungu lote la barua, amempongeza Gogo kwa mkono. Bibi alikuwa ameshatenga barua zake: moja ya bintiye, bili mbili, makochi. Yangu ilikuwa kwenye bahasha ya kahawia. Niliifungua kwa meno.

Niliitwa kuhojiwa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Ijumaa ilikuwa kesho. Nije na pasipoti na karatasi ya muda, halisi, nakala hazitapokelewa. Nilisoma mara mbili, siku na saa, kisha nikambusu Bibi kwenye kipaji cha uso, kitu ambacho sijawahi kufanya, nikazunguka nyumba kwenda kuchukua mfuko wangu.

Kwenye mparachichi lile sanduku la mbao lilikuwa linaning'inia tupu. Nilipita chini yake na kuliona ni tupu, na akili yangu haikusema chochote. Niliweka ufunguo. Nikafungua mlango kiasi cha kiganja.

Ngurumo.

Walikuwa juu ya dirisha. Fungu la mchaichai halikuonekana tena. Palikuwa na kitu kinachoning'inia chenye ukubwa wa mtungi, kinapumua. Wengine walikuwa bado wanaingia kwa yale matundu ya tofali, wanashuka ukutani kama maji. Na nyuma yao, kwenye ufa, pasipoti yangu na karatasi yangu, mahali ambapo mwizi yeyote asingetafuta.

Mmoja alinifikia kabla sijaufunga mlango. Alinichoma kwenye kope la jicho la kushoto. Nilikimbia mpaka mbele, na nikajikuta nimejibanza palepale kwenye ua wa miba.

Bibi alisikiliza yote. Aliniuliza mchaichai ulifikaje chumbani kwangu. Nikamwambia nyongeza. Akasema mwenye tamaa hana haja ya adui. Kisha akaniambia hatawapa notisi nyingine, maana walikwenda walikoelekezwa: harufu ile ndiyo ahadi, na ahadi haivunjwi kwa sababu mtu mwingine kaitundika. Nikamwambia Bibi, siku tatu sina, nina asubuhi moja. Nilikuwa nalia kwa jicho moja, lile lingine limeshafunga.

Hapo ndipo aliponishika mkono. Alisema nyuki wageni hawana bado cha kulinda, hawana asali wala watoto. Wakipoa kwa baridi, ukiwaendea polepole, huna nguo ya giza mwilini, huna harufu ya hofu, watakuacha. Nilimuuliza hiyo ya mwisho, ya kutoogopa, naitoa wapi. Akasema hiyo atanisaidia.

Nililala chumba cha mbele, kama kulala ni kufunga jicho lililokwisha kufungwa. Alfajiri tulisali pamoja, mimi nyuma yake. Kisha akanivua blauzi yangu nyeusi akanivika nguo yake nyeupe ya sala, akanifunika uso na pazia jembamba la dirisha, akanipaka vidole tope ili nisinuke mafuta, akanifunga soksi za marehemu mumewe mikononi. Nilijiona kwenye kioo cha ukumbini. Nilifanana na maiti aliyebadili mawazo.

Mvua nyepesi ya kusini ilikuwa inanyesha. Mlangoni alinisukuma kidogo mgongoni na yeye akasimama kizingitini, akaanza kuwasemesha kwa sauti ile ile ya siku zote, ya mwenye nyumba anayepita tu kusalimia. Aliwaambia huyu ni binti yangu, anakuja kuchukua chake, hachukui chenu.

Ndani kulikuwa na mwanga wa kijivu. Walikuwa wameshikana pamoja kwa baridi, kimya zaidi, lakini si kimya. Kitanda kilikuwa kati yangu na dirisha; ilinibidi nipande juu yake. Godoro lilizama, chuma kikalia, na ule mtungi wote ukatetemeka mara moja kutoka juu mpaka chini kama ngozi ya ng'ombe aliyeguswa na nzi. Nilisimama. Nilimsikia mbuzi. Sikuwa namkumbuka, nilikuwa namsikia, upande wa pili wa mlango, na sasa mimi nilikuwa upande wake.

"Usihesabu," Bibi alisema nyuma yangu. Sijui alijuaje.

Nilivua soksi ya mkono wa kulia kwa sababu ufa ulikuwa mwembamba. Niliinua mkono. Joto lao lilinifika kabla sijawagusa, joto kama la mkate uliotoka tanuri. Ilinibidi kupitisha vidole kati yao na ukuta. Walitembea juu ya kiganja changu, juu ya kifundo, miguu midogo mingi, wanajaribu kujua mimi ni nini, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nilikaguliwa na wasiouliza chanjo iko wapi. Nilishika kona ya mfuko. Nikauvuta. Ulikwama. Nikauvuta tena, na plastiki ikafanya mlio ambao katika chumba kile ulikuwa mkubwa kama bati linalopasuka. Wanne au watano waliruka. Mmoja alikaa kwenye pazia mbele ya jicho langu zima, tukatazamana. Nyuma yangu ile sauti ya kizee haikupanda wala haikushuka.

Mfuko ulitoka. Nilishuka kitandani kinyumenyume, nikatoka kinyumenyume, Bibi akafunga mlango. Alinifungua pazia akamwacha yule nyuki aondoke mwenyewe. Kwenye mkono mmoja tu, kati ya kidole na kidole, nilikuwa nimechomwa, nami sikuwa nimesikia.

Saa mbili kasoro nilikuwa ofisi ya vibali na jicho kama embe bovu. Ofisa aliangalia picha, akaniangalia, akaangalia picha. Akaniuliza kama huyu ni mimi. Nilimwambia ni mimi, yeye atazame upande wa kulia. Akauliza ni mume? Nikasema nyuki. Akauliza walikuwa wapi, na mimi, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, nikamweleza: kwanza kwenye sanduku la barua, ndiyo sababu barua yenu ilichelewa, kisha chumbani. Aliweka kalamu chini. Nilisikia sauti yangu inasema mambo haya na nikajua ndivyo faili linavyofungwa.

"Sasa hivi sanduku linafikika?" aliuliza.

"Linafikika."

"Kwa uhakika?"

Nilimwambia mwenye nyumba huligombania kuliko kodi. Alipiga muhuri, miezi sita, akasema jibu la mwisho litakuja kwa posta, kwenye anwani hiyohiyo. Nilisoma tarehe mara mbili kabla ya kutoka, na mara ya tatu kwenye ngazi.

Niliporudi Bibi alikuwa ameshahamishia vitu vyangu vilivyokuwa kwenye kamba ya nguo chumba cha mbele, kile chenye dirisha linalotazama ukuta. Alisema mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini hawa wana kazi yao, basi tumewapa chumba. Nikamuuliza na kodi yao? Akasema tutaona mwezi wa kumi, kwa kijiko. Yangu hakupunguza. Tulizozana mpaka magharibi, na nilifurahi kuzozana.

Miezi sita ile niliamka kabla yake. Nilifagia mpaka kwenye lami, sehemu ya manispaa na yote, nikang'oa majani, nikasugua shaba Ijumaa na Jumanne. Kisha niliweka sikio kwenye matofali na kushusha pumzi, nikisikiliza. Mara nyingi kulikuwa kimya. Nilisikiliza tena kuhakikisha, halafu nikaenda kazini, na kutwa nzima pale mezani, kila baiskeli iliyopita niliigeukia kutazama kama ni ya posta.